Acheni Kupiga Window

Hivi jamani, nani aliwafundisha mafundi wetu wa kompyuta kwamba kila ugonjwa una dawa moja? Kompyuta haiwaki: tupige window. Kompyuta ni nzito: tupige window. Printa haionekani, sauti haitoki, saa imerudi nyuma hadi mwaka 2009: bosi, hapa ni kupiga window tu. Unatoa hela, unarudishiwa mashine nyepesi, safi, tupu kama nyumba ya mpangaji aliyehama usiku. Miezi miwili haipiti, uko pale pale dukani, na fundi anakuangalia kwa ile huruma ya daktari anayeamini kuwa mgonjwa hafuati masharti.

Hiyo huruma ndiyo inayonikera kuliko hela. Maana nyuma yake kuna hukumu: ninyi hamjui kutumia kompyuta.

Nipo Rukuba. Kwa asiyepajua, ni kisiwa na kijiji cha kata ya Etaro, Musoma Vijijini, katikati ya maji ya Ziwa Victoria, watu wake wanaishi kwa samaki. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, yaani nalipwa kwa habari iliyotoka, habari isiyotoka ni sadaka. Kompyuta ya mezani iliyopo hapa nyumbani imevuka ziwa kwenda kwa fundi mara sita ndani ya miaka mitatu. Na kompyuta ya mezani haivuki ziwa kama abiria. Unaizungushia blanketi, juu yake turubai, unaipakata kwenye boti katikati ya magunia ya dagaa, unashuka Mwigobero, unatafuta bodaboda ambaye hatapita kwenye mashimo. Nauli yako, nauli ya mzigo, ya bodaboda, ya fundi, halafu vyote hivyo tena wakati wa kurudi. Ziwa likichafuka unalala mjini.

Safari ya kwanza ilikuwa ni ile ya saa kurudi nyuma. Kila nikiwasha, tarehe ni Januari 2009. Tovuti zote zinagoma kufunguka, kila moja inalalamika kuhusu usalama. Fundi akapiga window, 20,000. Nilipofika nyumbani nikazima, nikawasha kesho yake: Januari 2009. Ndani ya kila kompyuta ya namna hii kuna betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, volti 3, kazi yake ni kuitunza saa wakati mashine imezimwa. Ikifa, saa inasahau. Tarehe ikiwa ya zamani, tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine yako hiyo tarehe ya kuanza bado haijafika. Betri hiyo niliinunua kwenye duka la saa za mkononi kwa 2,000. Hakuna window popote katika maelezo haya.

Ila ni safari ya tano iliyonifanya niseme basi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikirekodi wazee wa hapa kisiwani. Walinieleza nyavu walizotumia kabla ya nailoni, majina ya pepo na saa zinapovuma, samaki waliowajua kabla sangara hajatawala ziwa, na jinsi mambo yalivyobadilika miaka ya 80. Mmoja wa wazee hao amefariki. Sauti zilikuwa kwenye sehemu ya pili ya diski, ile inayoitwa D, na juu ya boksi nilibandika karatasi yenye herufi kubwa: USIFUTE D. Fundi akafuta. Nilipomuuliza alinijibu bila hata kugeuka, "Ilikuwa lazima, mura, virusi vilikuwa vimeingia huko." Nusu ya sauti ninazo kwenye flashi. Nusu nyingine ndiyo hiyo, imekwenda na huyo mzee.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ugonjwa wenyewe. Katika safari zote sita hakuna fundi aliyeniuliza swali moja rahisi: nyumbani unatumia umeme gani?

Angeuliza, angepata jibu lote. Juu ya bati letu kuna paneli mbili za sola za wati 100 kila moja. Chini kuna betri ya N100, aina ileile inayowasha malori. Halafu inveta ya bei rahisi, inayogeuza volti 12 za betri kuwa volti 230 kama za ukutani. Betri hiyo kwenye karatasi ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi haitaki kunyonywa chini ya nusu, na ya lori ndiyo kabisa, kwa sababu imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache tu za kupiga starta kisha kujazwa tena, siyo kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Kwa hiyo una wati-saa 600 za halali. Kompyuta ya mezani na skrini yake ikila wati 120, inveta nayo ikidai ushuru wake, una kama saa nne. Hiyo ni betri mpya. Ikishushwa hadi chini mara kwa mara, ndani yake bamba za risasi zinaganda utando mgumu usioyeyuka tena, na saa nne zinakuwa mbili, halafu moja.

Na inveta haikuagi. Betri ikifika kama volti 10.5 inapiga mlio, kisha inakata. Pale pale. Kompyuta iko katikati ya kuandika faili, pengine ni faili lake la muhimu la kuwakia, na giza linaingia. Faili limeandikwa nusu. Kesho mashine inawaka, inafika nusu, inarudi mwanzo, inafika nusu, inarudi mwanzo. Fundi anaona mashine isiyofika mwisho, anapiga window, inafika. Amemaliza kazi. Kilichoandika nusu faili bado kimekaa chini ya meza yangu kinasubiri nirudi.

Mtu wa Musoma mjini asicheke. Kwenu umeme ukikatika, ukirudi unarudi kwa kishindo, taa zinawaka kwa ukali kisha zinatulia. Kila nyumba mjini inajua jambo hili, ndiyo maana friji ina kifaa chake cha kuilinda, kimechomekwa ukutani tangu siku ya kwanza. Hebu zunguka nyumba za marafiki zako uhesabu ni wangapi wamekinunulia kompyuta kifaa kama hicho. Friji ina samaki, inaheshimiwa. Kompyuta ina kazi yako ya miaka mitano, imechomekwa kwenye ekstensheni moja na pasi.

Halafu kuna wadudu. Waliokulia kando ya ziwa wanawajua, wale wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi. Wanapenda taa. Usiku skrini yangu ndiyo taa kubwa kuliko zote nyumbani, na feni ya kompyuta kazi yake ni kuvuta hewa. Nilifungua boksi baada ya msimu mmoja nikakuta bamba la wadudu waliokauka limeziba mapezi ya kipoozeo, ukichanganya na vumbi na mafuta ya moshi wa jikoni unapata kitu kama mkeka. Processa ikipata joto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na ikizidi inajizima. "Mashine nzito." Nadhani unajua nilivyoshauriwa. Brashi ya rangi na dakika 20 zilitosha.

Mnaona ninachosema? Kompyuta hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba fulani. Nyumba hiyo ina umeme usiokatika, dirisha la kioo, intaneti inayoingia kama maji ya bomba, na kiwanda kilicho tayari kuipokea ikiharibika. Ukiitoa katika nyumba hiyo na kuileta kwenye nyumba yangu, itaugua. Sio kwa sababu mimi ni mshamba. Samaki ukimtoa majini hatumwambii hajui kupumua.

Najua kuna anayesema, si utumie simu? Mambo yote siku hizi kwenye simu! Huyo mpe simu akate sauti ya mahojiano ya saa mbili, apange maneno 1,500 na ukurasa wa bajeti ya halmashauri uko wazi pembeni. Halafu huyo huyo mpe kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Maombi ni mtandaoni, nyaraka zipigwe picha vizuri, fomu ichapwe, isainiwe, ipandishwe tena, na tarehe ya mwisho iko ukutani. Kijana wa Rukuba anapanda boti kwenda steshenari mjini. Akigundua kuna karatasi moja imesahaulika, anapanda tena. Anayetafuta kazi serikalini anaomba kupitia Ajira Portal. Serikali imehamia mtandaoni, na mimi siipingi hata kidogo, foleni za madirishani hazikuwa na utamu wowote. Lakini ukihamishia mlango wa ofisi ndani ya kompyuta, basi kompyuta mbovu ni mlango uliofungwa, na mwenye mlango huo hawezi kusema hilo halimhusu.

Nchi hii na kompyuta wana historia ya ajabu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Tukaja kuzifungulia mlango baadaye, na mwaka 2003 tukawa na Sera ya Taifa ya TEKNOHAMA. Kutoka kuogopa mashine hadi kuiabudu, bila kupita katikati, mahali ambapo mtu anakaa na kuuliza: hiki kitu kinakula nini, kinaugua nini, nani atakitibu? Mpaka leo kiongozi akikabidhi kompyuta shuleni anapigwa picha na maboksi. Sijawahi kuona picha ya kiongozi akikabidhi betri. Wala ya fundi aliyeajiriwa kuzitunza.

Kuhusu umeme wa taifa tumeambiwa habari njema, na ni njema kweli. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Mtoto wa Butiama amepewa jina kwenye mashine kubwa kuliko zote. Sisi wa Mara tunajivunia. Lakini Machi 2025 Rais mwenyewe alieleza kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, sababu mojawapo ikiwa umeme unaopotea njiani ukisafirishwa kutoka mbali. Kuzalisha ni jambo moja. Kufika kwenye soketi ukiwa mzima ni jambo jingine, na kompyuta inaishi kwenye soketi.

Upande wa programu nako hakuna nafuu. Zamani ulinunua programu kwenye sidii, ukaiweka, ikakaa. Leo kila kitu kinataka intaneti. Ukifungua kuandika barua, inataka kuingia akaunti. Ukizima usiku inasema subiri, inajisasisha, usinizime. Inasema usinizime, wakati inveta inalia! Na kujisasisha huko kunakula bando ninalolinunua kwa gigabaiti, kwa hela ya habari iliyotoka. Wanaoandika programu hizi wamezoea intaneti isiyohesabiwa, hawajui kwamba kuna watu wanazima data kama wanavyofunga bomba.

Tulipewa funzo mara mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwetu, na siku hiyo Tanzania nzima ilikuwa kisiwa. Watu wa maofisini Dar es Salaam walikaa wakitazama skrini kwa sababu nyaraka zao zilikuwa zimehifadhiwa nchi za mbali. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hiyo haikuwa hitilafu ya waya. Lakini kwa programu isiyojua kufanya kazi peke yake, waya kukatika na amri ya kuzima ni kitu kimoja.

Na katikati ya hapo, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Anayetaka kuongeza mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, aliwekewa njia: kuunganisha mashine yake na akaunti yao au kulipa dola 30. Ndani ya soko la Ulaya shinikizo la watetezi wa walaji lilifanya masharti yalegezwe. Sisi hatukuwa na mtu mezani. Windows 11 nayo inadai kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na processa ambazo kwa sehemu kubwa ni za mwaka 2018 kuja huku. Sasa niambie, kompyuta ngapi zinazouzwa kwenye maduka yetu ya mitumba ni za baada ya 2018? Ofisi za nje zinaziuza kwa sababu haziingii toleo jipya, sisi tunazinunua kwa furaha, tunaletewa nyumbani mashine nzima yenye tarehe ya kifo imeshapita. Haitazimika, ni kweli. Itaendelea kuwaka. Ila kila tundu jipya la usalama litabaki wazi, na flashi zetu zinavyozunguka kutoka steshenari hadi steshenari kama sigara ya kijiweni, sihitaji kueleza zaidi.

Njia zipo. Linux ipo, ni bure, inafufua mashine za zamani, na haikuulizi akaunti. Na wala sio jambo geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, faili linaitwa faili, hifadhi inaitwa hifadhi. Miaka zaidi ya 20 iliyopita! Leo muulize mwanafunzi wa kompyuta kama amewahi kusikia jina hilo. Tulikuwa na mashine inayoweza kumweleza mama yangu kwa lugha yake kwamba diski imejaa, tukaiacha ikapotea, halafu tunamwambia mama hajui kompyuta kwa sababu hakuelewa sentensi ya Kiingereza iliyokaa sekunde tatu kwenye skrini ya bluu.

Mafundi, siwachukii. Najua wengi wenu mlifundishwa na sidii moja na kaka mmoja. Najua mteja analipia kinachoonekana, na kupiga window kunaonekana, wakati kupima betri hakuonekani. Lakini multimita inauzwa bei ndogo kuliko kazi yako ya siku moja. Pima. Uliza mteja anatoka wapi. Fungua boksi kabla ya kufungua sidii. Na ukiona karatasi imeandikwa usifute, usifute, hata kama hujui ndani kuna nini. Hasa kama hujui.

Kwa upande wangu, safari ya sita ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa ile ya mezani. Nimepata laptopu kuukuu inayokula wati 40 au chini ya hapo, na betri yake yenyewe inaipa muda wa kufunga kazi taratibu umeme ukikata. Na kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali kwa jinsi lilivyo la kijinga: betri yangu ya sola inatoa umeme wa moja kwa moja, volti 12. Laptopu inataka umeme wa moja kwa moja, kama volti 19. Katikati yao tunaweka inveta inayogeuza kuwa umeme wa ukutani, kisha adapta inayougeuza tena kurudi ulivyokuwa. Katika kila wati 100 zinazotoka kwenye betri, labda 75 zinafika mezani, zilizobaki zinapasha moto chumba ambacho tayari ni cha moto. Zipo adapta za gari zinazotoka volti 12 kwenda 19 bila kupita ukutani. Na laptopu mpya zinazochajiwa kwa tundu la USB-C zinarahisisha zaidi, maana Umoja wa Ulaya umelazimisha tundu hilo kwa simu tangu Desemba 2024 na kwa laptopu kuanzia Aprili 2026. Wamefanya kwa sababu zao, sisi tutafaidi mitumba yake baada ya miaka mitano.

Nilizunguka maduka ya Musoma siku nzima nikiulizia adapta ya volti 12 ya laptopu. Duka la tatu kijana aliniambia hana, ila kama mashine inasumbua kwenye chaji, anaweza kunipigia window. Nimeagiza Mwanza, itakuja na basi Ijumaa. Kama kuna mwenye kujua inakopatikana hapa Mara aniambie, maana majirani wanne wameshaniulizia.